VIUMBE TUVIJUE: Chura aliyeandikwa kati ya wafu

Mwezi huu tuvuke bahari mpaka Mallorca, kisiwa cha inchi ya Hispania. Kule kuko chura mudogo, hafiki hata sentimita 5.

Wenye elimu walimujua kwanza kwa mifupa tu, iliyookotwa katika pango la Muleta. Katika miaka ya 1970 wakamupa jina Baleaphryne muletensis, wakamuhesabu kati ya viumbe vilivyokwisha zamani. Kumbe! Karibu mwaka wa 1980 watu wakamukuta muzima, katika mabonde membamba ya milima ya Tramuntana.

Sasa wakaona na desturi yake. Baba ndiye anabeba mayai, amejizungushia kwa miguu ya nyuma kama kamba ya shanga, mpaka yatakapokuwa tayari kupasuka majini. Hiyo ni desturi ya jamaa ya Alytes wa Ulaya. Basi leo anaitwa Alytes muletensis. Mifupa ilisema kidogo, muzima alisema zaidi.

Munauliza: sababu gani anakaa milimani tu? Mifupa yake inaonyesha kwamba zamani alienea sehemu nyingi za kisiwa. Lakini watu walileta wanyama wa kigeni, kati yao nyoka wa maji anayekula vyura. Chura akabaki katika mawe makali, mahali nyoka anapata taabu kufika.

Kwa hiyo wakafuga vyura, na tangu 1989 wakaanza kuwarudisha porini. Kazi njema! Lakini, bila wao kujua, wengine walibeba ugonjwa wa ngozi, ukungu unaoua vyura. Walioleta musaada wakaleta na kifo.

Je, walikimbia? Hapana. Walitoa majini wale viluwiluwi wenye mukia, wakawaogesha dawa, wakakausha madimbwi na kuyasafisha. Mara ya kwanza ugonjwa ulirudi, nao wakarudi kazini. Mwaka wa 2015 wakatangaza kwamba madimbwi yamepona. Mbele yao hakuna mutu aliyewahi kumaliza ugonjwa huo porini.

Vijana, mukienda kusaidia, muchunguze kwanza munachobeba mikononi. Na wewe baba, mama, ukikosa mbele ya watoto, usifiche. Kubali, rudia, safisha.

Tuonane mwezi ujao.