Mpini au Kibali? Hoja Kuhusu Istilahi Moja ya Kiini cha Kompyuta

Istilahi mbovu hudhuru kwa namna mbili. Ya kwanza yafahamika: msomaji haelewi. Ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni pale msomaji anapodhani kuwa ameelewa. Neno "mpini", ambalo mfasiri yeyote wa taaluma ya kompyuta atalifikia kwanza akikumbana na dhana tunayoijadili hapa, ni la aina hii ya pili.

Tuanze na dhana yenyewe. Kiini cha mfumo endeshi ndicho kinachotawala kumbukumbu yote ya kompyuta, na programu za kawaida haziruhusiwi kuigusa sehemu ya kiini. Programu ikitaka kusoma faili, kiini hulifungua, hulisajili katika jedwali lake, kisha huipa programu namba tu, tuseme 7. Namba hiyo si faili, wala si anwani ya mahali faili lilipo. Ni namba ya mstari katika jedwali la programu ile. 7 ya programu jirani ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo kila namba inaporudishwa, kiini hakina budi kuuliza: mstari huo upo? Haujafungwa? Ni faili kweli, au ni kitu cha aina nyingine? Mwenye namba ameruhusiwa kuandika, au kusoma tu? Maswali hayo yakishajibiwa ndipo kumbukumbu iguswe.

Kwa wasomaji wetu wa Pemba mfano uko karibu. Katika magofu ya Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, ambako ni ngome ya karne ya 15 inayohusishwa na Mkama Ndume, kuna kisima kilichogawanywa kwa ukuta. Wasimulizi husema kuwa mtawala huyo aliujenga ili wakeze wawili wasikutane: mmoja akishuka kwa ngazi, mwenziwe akiteka kwa ndoo na kamba. Ukuta ule wafaa sana kueleza utengano wa kiini na programu zinazokitegemea. Lakini kamba haifai, na hapo ndipo penye hoja yangu. Kamba hufika majini. Aliyeshika ncha moja ameshayafikia maji. Mpini nao ni hivyo hivyo: aliyeshika mpini wa jembe ameshika jembe. Namba ya kiini haikushikamana na chochote. Mwanafunzi aliyefundishwa "mpini" hapewi na lugha yake sababu yoyote ya kuuliza kama upande wa pili kuna jembe.

Napendekeza "kibali". Hakuna Mswahili asiyejua kwamba kibali huonyeshwa, hukaguliwa, huisha muda, huweza kughushiwa, na kwamba kibali cha kuingia si cha kuchukua mzigo. Sifa zote hizo ndizo za dhana yetu. Litapingwa kuwa ni neno la maofisini. Na liwe, neno "ruhusa" limekwisha kushika nafasi yake kwa maana ya haki ya kusoma au kuandika, hivyo hayatagongana.

Madhara ya kutokagua si ya nadharia. Katika toleo la 4.13 la Linux, mwaka 2017, huduma moja ya kiini iitwayo waitid iliandika data katika anwani iliyoletwa na programu bila kuhakiki kwamba anwani hiyo imo katika eneo la programu yenyewe. Mtu mwovu angeweza kukifanya kiini kijiandikie ndani ya kumbukumbu yake. Tarehe 19 Julai 2024 programu ya ulinzi ya CrowdStrike, iliyokuwa ikifanya kazi ndani ya kiini cha Windows, ilisoma kipengele cha 21 katika orodha yenye vipengele 20. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta zipatazo milioni 8.5 ziliathirika. Hapa kasoro zilikuwa za anwani na orodha, si za vibali, lakini ni za ukoo mmoja: kiini kiliamini kabla ya kuuliza.

Kazi ya mwaka 2004 ya mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikipa Kiswahili menyu na vitufe, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini menyu ni mlango wa nyumba. Anayejenga nyumba yenyewe bado hana msamiati wa kutosha, na anapofundishwa hukariri maneno ya Kiingereza ambayo picha zake hazioni.

Kimebaki kitenzi. "Kuhakikisha" hakifai, kwa kuwa husisitiza matokeo. Hapa twataka tendo la kukagua, ambalo laweza kuishia katika kukataa. "Kuhakiki" kinatosha, ijapokuwa wenzetu wa fasihi wamekizoea kwa kazi nyingine. Fasili yake, hata hivyo, haitakamilika isipotaja wakati. Kiini kikikagua thamani ingali katika kumbukumbu ya programu, kisha kikaisoma mara ya pili ili kuitumia, programu yaweza kuwa imeibadili katikati. Ndiyo maana hunakiliwa kwanza upande wa kiini, ikahakikiwa nakala, na ikatumika nakala hiyo hiyo.