Nguruwe wa China, Kuku wa Bandani Kwetu na Usugu wa Dawa

Alhamdulillaah, rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake.

Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza katika jarida la Lancet Infectious Diseases kwamba wameikuta, katika bakteria wa utumbo wa nguruwe, jeni waliyoiita mcr-1. Jeni hiyo humkinga bakteria na kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba kwa mgonjwa ambaye dawa nyingine zimeshindwa kumtibu. Wapo ndugu zetu wanaosema: nguruwe ni haramu kwetu, basi hilo ni la wenye kumla. Kauli hiyo haisimami.

Jeni ile ilikutwa pia katika nyama ya kuku inayouzwa, na kwa wagonjwa waliolazwa hospitali. Na la kutisha zaidi ni pale ilipokaa. Imekaa kwenye plasmidi, kipande kidogo cha vinasaba ambacho bakteria mmoja humpa mwenziwe, hata wa aina nyingine. Kwa hiyo bakteria wa mnyama akipita tu katika utumbo wa mtu, anaweza kuwaachia bakteria wa mtu huyo kipande hicho kisha akatoka zake. Njia za kupita ni nyingi: mikono ya mchinjaji, ubao wa kukatia nyama, mbolea ya banda inayotiwa kwenye mchicha, maji ya kisima. Moto wa jikoni unawaua bakteria walio kwenye nyama, lakini kachumbari iliyokatwa kwa kisu kilekile haipikwi.

Kule China kolistini ilikuwa ikitiwa katika chakula cha mifugo ili inenepe haraka, si kwa matibabu tu. Mwaka 2017 serikali ikapiga marufuku unenepeshaji huo. Watafiti walipopima tena, jeni ilikuwa imepungua kwa nguruwe na kuku, na watu wanaoibeba matumboni walipungua kwa zaidi ya nusu. Umoja wa Ulaya ulishakataza kunenepesha mifugo kwa antibaotiki tangu Januari 2006.

Huku kwetu mfugaji wa kuku wa kisasa huingia duka la dawa za mifugo, akatoka na pakiti ya tetrasaiklini bila ya kuulizwa cheti. Huitia katika maji ya kuku wote, wazima na wagonjwa. Mnunuzi akija kesho, kuku huuzwa kesho, ilhali karatasi ya dawa imetaja siku za kusubiri. Simlaumu sana mwenye kuku 200 wa mkopo, maana banda likiingia maradhi mtaji wote unakwenda. Namlaumu zaidi anayemuuzia dawa akijua.

Jee, nyama ya kuku huyo ni haramu? Akichinjwa kisharia asili yake ni halali, na sioni dalili ya kuiharamisha. Lakini wanavyuoni wetu wana mlango wa jallaala, yaani mnyama anayekula najisi. Imekuja katazo la kula nyama yake na kunywa maziwa yake, na imepokewa kwamba Ibn Umar (r.a.) alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumla. Dawa si najisi, hivyo kipimo hakilingani moja kwa moja, ila maana ya kusubiri mwili usafike ni hiyohiyo. Anayeuza kabla ya siku kwisha, na asiseme, ameingia katika ghishi, kama yule muuza nafaka ambaye Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo lake akakuta unyevu umefichwa ndani.

Hata hivyo kusubiri kunaondoa mabaki ya dawa, hakuondoi bakteria sugu. Hao humfuata jirani asiyefuga wala kula kuku. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanaonesha kuwa usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Kwa kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana, naona kuwapa dawa kuku wazima ili wanenepe hakujuzu. Kumtibu kuku mgonjwa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo kunajuzu. Na wanaotoa vyeti vya halali, wakishakagua kisu na mchinjaji, waombe na daftari la dawa za bandani.

Wallaahu a'lam.