Alama Bila Kusoma Jibu

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi, baada ya miaka mingi ya kusahihisha madaftari, nathubutu kusema kwamba neno huharibika hapo hapo penye wengi, iwapo wengi hao hawakulisikiliza. Mfano wangu nautoa katika sinema.

Siku moja mjukuu wangu alinijia na filamu ya The Last Jedi, iliyotoka Desemba 2017 ikiwa ni mwendelezo wa hadithi za Star Wars zilizoanza kuonyeshwa mwaka 1977. Kabla hatujaketi akaniambia, "Babu, hii mbovu. Imeharibu kila kitu." Nikamwuliza aliitazama lini. Akajibu kwamba bado hajaitazama, ila watu wote wanasema hivyo.

Watu wote! Hebu tuwahesabu hao watu wote. Wahakiki wa magazeti waliisifu, tisa katika kila kumi. Kampuni ya CinemaScore, ambayo huwauliza watazamaji wa Marekani wanapotoka ukumbini siku za mwanzo, ilipata kwao alama A. Lakini katika Rotten Tomatoes, ambako wakati ule yeyote aliweza kuweka alama bila kuonyesha kwamba alikata tiketi, walioipenda hawakufika nusu. Mtihani mmoja, matokeo mbalimbali! Mwalimu yeyote akiona hivyo huuliza: nani alisahihisha, na je, alisoma jibu?

Sisemi kwamba waliochukia hawakuwa na hoja. La hasha. Luke Skywalker, waliyemjua kijana wa matumaini, wanamkuta mzee aliyekata tamaa kisiwani. Anapewa upanga wake wa mwanga, naye anautupa nyuma ya bega. Mark Hamill mwenyewe, aliyeigiza nafasi hiyo, alisema hadharani kwamba hakukubaliana na mwongozaji Rian Johnson juu ya mhusika huyo. Hiyo ni hoja, na yafaa ijibiwe kwa hoja. Nami najibu hivi: mzee aliyewahi kumpoteza mwanafunzi wake anamwelewa Luke vizuri sana. Tena mwisho wa filamu ndiye anayesimama peke yake mbele ya jeshi ili wenzake waokoke. Hata hivyo, ile safari ya kwenye mji wa kamari niliiona ndefu, na ningepewa mkasi ningeikata. Basi nami nimekosoa, wala sikumtukana mtu.

Matusi ndiyo yanayonikera. Kelly Marie Tran, ambaye wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka Vietnam, aliigiza fundi Rose Tico. Watu wakamtukana kwa asili yake na umbo lake, hata mwaka 2018 akafuta picha zake zote katika Instagram. Agosti mwaka huo akaandika katika New York Times jinsi alivyofikia kuyaamini maneno yale. Filamu iliyofuata, ya mwaka 2019, ilizidi saa mbili. Humo Rose alionekana kwa dakika moja na kitu. Zilitolewa sababu za kiufundi. Mimi naona tu kwamba waliopiga kelele walipata walichokitaka.

Nitaambiwa kwamba aliyelipa kiingilio ana haki ya kusema. Naam, anayo. Lakini kiingilio hununua kiti. Hakinunui utu wa mwenzako. Nitaambiwa tena kwamba maneno hupita, kwani hata The Empire Strikes Back ya mwaka 1980 ililaumiwa na baadhi ya wahakiki, na leo wengi huiita bora kuliko zote. Ni kweli, filamu husubiri. Iko pale pale, itatazamwa upya. Je, binadamu naye husubiri?

Nauliza kwa sababu nina deni. Chuo cha ualimu kilinifundisha kwamba jibu husomwa lote ndipo liwekewe alama. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilimpa mtoto mmoja mtundu alama 3 kati ya 20 katika insha, nikaisoma alama hiyo mbele ya darasa, na darasa likacheka. Baadaye akanifuata na daftari lake, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hukufunua nyuma." Nikafunua. Insha iliendelea ukurasa wa pili, nayo ilikuwa bora kuliko zote. Nilirekebisha alama siku ile ile. Lakini wenzake walikwisha kumwita "Tatu", na jina hilo hakulivua mpaka alipomaliza shule.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza nisikiapo mtu akihukumu kwa kuwa wengine wamehukumu. Anayesema filamu ni mbovu na aseme. Lakini aitazame kwanza, atoe sababu, na lawama iishie kwenye kazi, isifike kwenye uso wa mtu.

Mimi na mjukuu wangu tuliitazama dakika zote 152. Ilipokwisha alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu, bado siipendi." Akanieleza kwa nini, karibu robo saa nzima, akitaja tukio baada ya tukio. Sikukubaliana naye hata kidogo. Ningekuwa na daftari lake mkononi, ningempa 20 kati ya 20.