Tusimsingizie Mungu

Kila mito yetu inapofurika, na kila jua linapokausha malisho, wengi wetu hukunja mikono na kusema kuwa ni kudra ya Mungu. Maneno hayo ni mema matangani, kwa kuwa humtuliza aliyefiwa. Lakini yakitoka kinywani mwa mtu aliyepaswa kuzibua mtaro naye hakuuzibua, si imani tena. Ni kisingizio kilichovikwa kanzu.

Na yakumbukwe yaliyotupata. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Kabla wafugaji hawajafuta machozi, gharika za 2023 zikaja, zikafuatwa na zile za 2024 zilizoua watu zaidi ya 200. Karibu na Mai Mahiu, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili mwaka huo, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli, maana njia yake ilikuwa imezibwa na matope na magogo; kisha yakapasua, yakazoa watu waliolala. Kuzibua njia ya maji ni kazi ya nani? Ya malaika?

Chanzo cha mageuzi haya chajulikana. Makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa ulimwenguni hutoa hewa ya ukaa, nayo huzuia joto la dunia lisipotee angani. Ilipoanza kupimwa mwaka 1958 juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii, ilikuwa sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Tena hewa ikizidi joto kwa digrii moja, huweza kuchukua mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Basi hewa ileile inayonyonya maji ya udongo wakati wa ukame huyamwaga kwa mkupuo mmoja mvua inyeshapo. Ukame na gharika kufuatana si ajabu ya kutafutiwa mganga.

Wako wanaoyakubali haya yote, kisha husema: “Hewa wameichafua wenye viwanda, na waisafishe wao.” Ni kweli, na aibu ni yao, kwani Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa hiyo. Deni hilo na lidaiwe kwa sauti kubwa. Lakini ni mdai gani aliyeiacha nyumba yake bila paa ati kwa sababu mdeni hajalipa?

Nao wanaojificha nyuma ya dini wamekisahau kisa cha Yusufu, ambacho Wakristo na Waislamu wote wamekisoma. Alipofunuliwa kuwa Misri itapatwa na njaa ya miaka saba, hakuketi akasema ni shauri la Mungu. Alijaza ghala nafaka katika miaka ya neema. Sisi huletewa habari na watabiri wa hali ya hewa, kama walivyotutangazia mapema mvua za El Niño za mwaka 2023, nasi huwacheka sokoni. Tukijitahidi sana, twapanda miche mbele ya wapiga picha, kisha twaiachia mbuzi.

Mtaani kwangu, mtaro wa sokoni umejaa chupa na matambara tangu kiangazi kilipoanza. Juma lililopita nilimwuliza mwenye duka lililo kando yake atafanya nini masika yakifika.

“Mzee,” alinijibu, “hayo tumwachie Mungu.”

Nilipoagana naye alikuwa akiyapanga magunia ya sukari chini, sakafuni.