Foleni Ikisimama, Tupite au Tusubiri?

Katika chama chetu cha Kiswahili tuko watano tunaokuja chuoni kwa baiskeli. Wawili ni Watanzania, mmoja Mkenya, mmoja ametoka Lubumbashi na mmoja Goma. Mwaka mzima tumekuwa na ubishi mmoja usiokwisha, na kwa kuwa umeshaharibu mikutano miwili ya chama, mhariri ametuomba tuuandike hapa ili wanachama wengine nao wapate sehemu yao ya kichwa kuuma. Ubishi wenyewe ni huu: magari yakisimama kwenye foleni ndefu, mwendesha baiskeli ayapite, au asimame nyuma yake na kungoja kama gari jingine?

Kwa kura nne dhidi ya moja, tunasema apite. Lakini mwezi Machi lilitokea jambo lililotufanya tubadili namna tunavyolisema, na ndiyo sababu hasa ya makala hii.

Tuanze na Empire Road, maana wengi wetu ndiyo njia yetu, kutoka upande wa Auckland Park kuja Braamfontein. Saa moja na nusu asubuhi magari yamejipanga mpaka kwenye roboti. (Ndugu zetu wa mwaka wa kwanza, zoeeni: hapa taa za barabarani huitwa roboti.) Ndani ya magari mengi kuna mtu mmoja na kikombe chake cha kahawa. Sisi tunafika nyuma ya foleni hiyo tukiwa na mwendo, na mbele yetu, kati ya safu mbili za magari, kuna upenyo ambao hakuna gari linaloweza kuutumia.

Madereva wanatuambia kwamba kupita ni kuruka foleni. Tumeifikiria hoja hiyo kwa haki, na hatuoni uzito wake. Kwenye foleni ya benki ukinitangulia unachukua zamu yangu kwa karani, nami nachelewa. Barabarani aliye kwenye gari amezuiwa na magari yaliyo mbele yake. Sisi tukipita, yeye hachelewi hata kidogo. Kama tungekuja na magari matano, ndipo angechelewa.

Halafu kuna usalama wetu. Anayesimama mkiani mwa foleni na baiskeli ana kitu kimoja tu cha kumkinga na gari linalokuja nyuma, nacho ni begi la vitabu. Dereva akichelewa kushika breki kwa sababu anatazama simu, gari huumia bamba, sisi tunaumia mgongo. Tena Braamfontein iko juu ya mwinuko. Kusimama na kuanza upya mara ishirini kwenye mlima, huku unavuta moshi wa lori lililo mbele yako, si jambo la kumshauri mtu unayempenda.

Sheria ya usafiri wa barabarani ya Afrika Kusini, namba 93 ya mwaka 1996, pamoja na kanuni zake, inaihesabu baiskeli kuwa chombo cha barabarani. Inatutaka twende mmoja nyuma ya mwingine, tusishikilie gari linalokwenda, na tuvae kofia ngumu. Kupita ni upande wa kulia, na kushoto kunaruhusiwa pale ambapo barabara ya mjini imegawanywa katika njia mbili au zaidi za mwelekeo mmoja. Kupita kwenye bega la barabara kumekatazwa. Uingereza, wanakoendesha kushoto kama huku na kama Tanzania na Kenya, walirekebisha kanuni zao Januari 2022 na kuandika wazi kwamba mwendesha baiskeli anaweza kuyapita magari yaliyosimama au yanayojikokota, kulia au kushoto, kwa tahadhari. Kwa hiyo hatudai kitu cha ajabu.

Hizo ndizo hoja tulizokuwa nazo mpaka Machi. Ni nzuri, na bado tunaziamini. Zote, mkitazama, zinamhusu dereva na sisi.

Siku hiyo mmoja wetu (hatumtaji, ingawa wote mnamjua) alikuwa akikaribia Braamfontein. Teksi ilikuwa imesimama njia ya kushoto, foleni haisogei. Tunaposema teksi mnajua ni ile basi ndogo, ambayo Dar ingeitwa daladala na Nairobi matatu. Mlango wake uko ubavu wa kushoto na huvutwa kwenda nyuma, kwa hiyo haukutokezei mbele kama wa gari dogo kukupa onyo. Unaona bati, halafu unaona mtu. Mwenzetu alipita kati ya teksi na ukingo wa barabara kwa mwendo aliokuwa amekuja nao tangu mteremkoni. Abiria mmoja alikuwa ameona kuwa bora ateremke amalizie kwa miguu.

Alikuwa mama wa makamo, mfanya usafi kwenye jengo la ofisi. Alivunjika kifundo cha mkono. Mwenzetu alichubuka magoti tu. Dereva wa teksi alisema maneno mengi, mengine hatujafundishwa na hatutarajii kufundishwa. Yule mama, akiwa amekaa ukingoni anaushikilia mkono wake, alimwita mwanangu kwa Kizulu na kumwuliza kama yeye ameumia. Alifungwa plasta wiki sita. Analipwa kwa siku. Tulichanga, na tulichochanga hakikufikia hata mshahara wa wiki mbili.

Tulipokutana jioni hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana kuhusu kuruka foleni. Tuligundua kwamba upenyo ule tuliouona kama njia tuliyoachiwa sisi una wenyewe, na wenyewe walikuwapo kabla yetu. Kuna abiria wa teksi, ambao hushuka popote foleni inapokwama, mbali na ile afta roboti waliyomwambia dereva. Kuna wauza chaja na miwani ya jua wanaotembea katikati ya safu. Kuna wanaobeba mfuko wa plastiki na kuomba takataka za ndani ya gari lako kwa sarafu chache. Kuna waokota taka wanaovuta mizigo ya chupa na maboksi mikubwa kuliko wao, mara nyingi kwenye mteremko, wakizuia kwa visigino. Watu hawa wote hutembea mahali pale kwa sababu magari yamesimama. Sisi nasi tunapita mahali pale kwa sababu hiyohiyo, ila sisi tuna magurudumu.

Tufanye hesabu kidogo. Baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa hupita karibu mita tano na nusu kila sekunde, yaani teksi nzima, kutoka taa za nyuma hadi za mbele, kwa sekunde moja. Mtu anayeteremka hana nafasi ya kukuona, na wewe huna nafasi ya kuikumbuka breki. Ukishuka hadi mwendo wa mtu anayetembea haraka, teksi ileile inakuchukua sekunde tatu hivi, na mlango ukifunguka mnatazamana, mnasalimiana, basi.

Ndiyo maana sasa tunasema: pita, lakini kwa mwendo wa mguu. Teksi usiipite kushoto kabisa, hata kama nafasi inatosha punda. Pita kulia kwake, kati ya safu mbili, ambako tatizo ni vioo vya pembeni na madereva wanaohama njia ghafla bila kuwasha taa. Lori na basi kubwa pia usiyapite kushoto, hasa karibu na njia panda, kwa kuwa likikata kona kushoto magurudumu ya nyuma hukatiza ndani zaidi kuliko ya mbele, na dereva aliye juu kule hakuoni. Foleni ikianza kusogea, acha kupita, ingia nyuma ya gari lililo karibu na uende nalo.

Mwendo wa polepole una faida nyingine ambayo hatukuitegemea. Johannesburg ina wezi wanaovunja kioo cha gari kwenye roboti na kupora simu, na baadhi ya njia panda zina mabango ya kuwaonya madereva. Kijana akija mbio na baiskeli ubavuni mwa gari, dereva hajui kama ni mwanafunzi anayewahi mtihani. Mwenzetu wa Lubumbashi amewahi kumwona bibi mmoja akipiga ishara ya msalaba. Ukija taratibu, mikono yote miwili ikionekana kwenye usukani, watu hawashtuki.

Kuna mahali ambapo tunakubali kwamba tusipite. Umeme ukikatika, au nyaya zikiibwa, roboti huzima na njia panda hugeuka kuwa ya zamu: aliyefika kwanza kwenye mstari ndiye anayetangulia. Hapo kwa kweli kuna foleni kama ya benki. Anayepenya mpaka mbele na kuvuka anachukua zamu ya mtu. Tunangoja, na yule mwenye fulana ya kung'aa anayeongoza magari katikati hutupungia mkono kwa heshima kuliko siku nyingine zote.

Mtu atauliza kwa nini tusidai njia zetu wenyewe. Tunadai. Wakati wa meya Parks Tau jiji lilijenga njia za baiskeli, zikiwamo za kuunganisha maeneo ya vyuo, na Oktoba 2015 West Street kule Sandton ilifungwa kwa magari binafsi mwezi mzima ili watu waone mji unavyoweza kuwa. Mwaka 2016 akaja meya Herman Mashaba, akasimamisha matumizi hayo, akisema kwanza barabara zote za jiji ziwekwe lami. Hoja ya lami haikuwa ya kipuuzi; waulizeni wanaokaa vitongojini. Rangi ya kijani iliyobaki sasa ni maegesho. Hata pale palipo wazi, watu hutembea humo, na wana sababu, kwa kuwa sehemu nyingine hakuna njia ya miguu inayopitika. Kwa hiyo hata tukipewa njia, suala la mwendo wetu mbele ya mtembea kwa miguu litatufuata humo humo.

Sisi tunaotoka Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kulisema hili. Bodaboda ilianza kwa baiskeli, ikivusha watu mpakani Busia, kabla ya kuwa pikipiki. Kila mmoja wetu amekaa kwenye foleni ya Dar au Nairobi akaona pikipiki zikipenya kila upande, hadi juu ya njia ya miguu, na akina mama wenye mabeseni wakiruka pembeni. Kupenya kwenyewe hakukuwa kosa. Tatizo lilikuja pale mwenye chombo alipozoea kuwa mtu wa miguu ndiye wa kupisha.

Mwenzetu wa Goma ndiye aliyepiga ile kura moja. Anasema amekulia kwenye mji wa chukudu, ameona gari la mbao lenye viazi magunia manne likishuka mlima, na hakuna mtu atakayemfundisha chochote kuhusu mwendo wa mguu. Binadamu akiona upenyo atakimbia, kwa hiyo dawa ni kutoingia kabisa. Anasimama nyuma ya teksi kwenye Empire Road, amejifunga skafu puani, na anafika darasani dakika nane baada yetu. Tumempimia. Yeye anasema tangu Machi hajasikia hata mmoja wetu akimcheka, na ni kweli hatujamcheka.

Yule mama plasta ilitolewa mwezi Mei. Mwenzetu alikwenda kumsalimu na paketi ya chai, akaulizwa kama bado anaendesha. Akasema ndiyo, mama, lakini polepole. Mama akamwambia siku nyingine apige kengele. Baiskeli yake haikuwa na kengele. Sasa zote tano zinazo.