Ahadi Iliyo na Mshahara Ndani Yake



Fungua Kutoka 2:9. Binti Farao alimkabidhi mama yake Musa mtoto wake mwenyewe amnyonyeshe, akaahidi kumlipa mshahara. Hata nyumba ya Farao ilijua kwamba kulea mtoto ni kazi.

Agosti 2027 tunapiga kura. Vyama vitatuletea ahadi mpaka madhabahuni: serikali italipia vituo vya kulea watoto wa wazazi wanaofanya kazi. Usikimbilie kupiga makofi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, tayari imezipa kaunti jukumu la chekechea na vituo vya kulea watoto. Hilo ni deni, si zawadi. Muulize mgombea: pesa ziko kwenye bajeti ipi? Mlezi atalipwa ngapi?

Dada yangu unayetoka alfajiri kutafuta kibarua, mtoto unamwachia nani? Sheria inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3. Mama fua akikaa nyumbani siku moja, siku hiyo hakuna unga.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Wakiitisha maoni ya wananchi, fika, simama, taja kituo cha watoto cha wadi yako. Nasi kanisa tujiulize: ukumbi wetu uko mtupu Jumatatu hadi Ijumaa, na watoto wa washirika wetu wako wapi?

Sema Amina, kisha tukutane kwenye kikao.