Akaunti ya Wateja Si Njia ya Kupitishia Fedha

Mawakili wasomi wenzangu,

Sheria ya Kenya imetuweka katika kundi la wanaopaswa kuripoti miamala yenye shaka. Februari 2024 nchi yetu ikatiwa katika orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa fedha. Hadi leo nasikia wenzetu wakisema, "Mambo hayo ni ya mabenki." Si kweli. Fedha zikitoka katika ofisi ya wakili, maswali huwa machache, na wenye fedha chafu wanalijua hilo.

Tazameni inavyokuwa. Mtu anakuja kununua shamba Kajiado. Ana haraka, wala habishanii bei. Badala ya kuweka asilimia 10 tuliyoizoea, anaingiza bei yote kwa mkupuo. Wiki mbili baadaye anapiga simu: nimeghairi, wakili, kata ada yako, zilizobaki zitumie kampuni hii. Kampuni yenyewe hujawahi kuisikia. Ukituma, fedha zimeshapata mhuri wa ofisi yako, na saini ni yako.

Nakala ya kitambulisho na PIN ya KRA hazitoshi. Mteja akiwa kampuni, someni CR12 (orodha rasmi ya wakurugenzi na wanahisa), kisha ulizeni nani hasa anayefaidika nyuma ya wakurugenzi hao. Ulizeni fedha zimetoka wapi kabla faili haijafunguliwa, na majibu yaandikwe. (Mwenye fedha halali hununa kidogo, halafu hujibu.)

Wapo wanaohofia siri ya mteja. Naiheshimu hofu hiyo, ila isigeuzwe maficho. Anayetaka kutetewa kortini bado analindwa. Wajibu wa kuripoti unahusu kazi kama kuuza na kununua ardhi, kuunda kampuni na kushika fedha za watu. Ukisharipoti, usimdokeze mteja. Hilo nalo ni kosa.

Basi naomba hivi: anayetia saini kwenye akaunti ya wateja alinganishe mwenyewe daftari na taarifa ya benki kila mwezi, asimwachie karani. Fedha zilizolala bila faili zitafutiwe mwenyewe. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Mawakili hakina mzaha na wakili asiyetoa hesabu. Na marejesho yote yarudi kwenye akaunti fedha zilikotoka. Mteja akikataa, simamisheni malipo, mkiandikie Kituo cha Kuripoti Fedha (FRC) siku hiyohiyo.

Ni mimi wakili mwenzenu,
Nairobi